Duka la Baba na Wanawe: Historia ya Biashara ya Pikipiki ya Kifamilia Nakuru na Bonde la Ufa la Kati

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii inafaa kuufungua mjadala kuhusu duka la pikipiki linalomilikiwa na familia, kwa sababu katika Nakuru na miji inayoizunguka, duka la namna hiyo halikuishi kwa kuuza vyombo peke yake. Liliishi pia kwa daftari: orodha ya wadaiwa, ahadi zao, na majina ya waliowadhamini. Makala haya yananuia kueleza jinsi biashara hiyo ilivyozuka, sababu za kushikwa kwake na familia, na mambo yanayoitikisa leo. Hoja kuu ni kwamba familia ilifanya kazi ambazo kwingineko hufanywa na benki, kampuni ya bima na chuo cha ufundi. Kazi hizo sasa zinahamia mikononi mwa wengine, na swali linalosalia ni nani atakayebeba hasara pale pikipiki inapoharibika au mwenyewe anapoanguka.

Reli, ardhi na duka

Historia ya duka la Nakuru haiwezi kutenganishwa na reli. Ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nakuru mwaka 1900, na kufikia ufuo wa Ziwa Viktoria, mahali panapoitwa Kisumu leo, mwaka 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi. Wengi wao walirejea kwao mikataba ilipokwisha, na takriban 6,700 ndio waliosalia. Hata hivyo, wenye maduka wengi hawakutokana na vibarua hao. Walikuwa wafanyabiashara waliokuja kwa hiari yao, hasa kutoka Gujarat na Kutch, wakiifuata reli stesheni baada ya stesheni. Mfano mashuhuri ni Alidina Visram, aliyefariki mwaka 1916 akiwa ameacha msururu wa maduka kutoka pwani hadi Uganda.

Nakuru ilitangazwa kuwa mji mdogo mwaka 1904. Mashamba makubwa ya Njoro, Rongai na Molo yalikuwa yameanza kukaliwa na walowezi wa Kizungu, Lord Delamere akiwa miongoni mwao. Sera ya kikoloni iliyatengea jamii hiyo moja mashamba ya nyanda za juu, na Waraka wa Devonshire wa mwaka 1923 ukaithibitisha. Mhindi hakuruhusiwa kununua shamba huko. Mwafrika, ambaye ardhi ilikuwa ya mababu zake, alibaki kuwa kibarua au skwota, na sheria zikaweka mipaka hata kwa mkopo aliotaka kupewa dukani.

Matokeo yake yako wazi. Aliyezuiwa kulima aliweka akiba yake yote katika bidhaa na vifaa vya ufundi. Alipohitaji mtaji zaidi hakuwa na hati ya shamba ya kupeleka benki, bali alimwendea ami, shemeji au mtu wa jamaa yake. Hivyo ukoo ukawa ndio benki. Ubao wa mlangoni, ulioandikwa jina la baba likifuatwa na neno "na Wanawe" au "na Ndugu", ulikuwa tangazo la dhamana: deni la mmoja lilikuwa deni la wote.

Lugha kama kumbukumbu

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, historia hii inasomeka katika msamiati wenyewe. Tabaka la kwanza ni la maneno yaliyopita Bahari ya Hindi: duka, gari, bima, hundi, laki na bepari. Yote yanahusu kuuza, kusafirisha, kukopeshana na kujikinga na hasara. Tabaka la pili ni la maneno ya Kiingereza yaliyovaa umbo la Kibantu pamoja na mashine za kikoloni: gereji, spea, plagi, breki na karabureta. Tabaka la tatu limezaliwa papa hapa Afrika Mashariki. Pikipiki ni tanakali ya mlio wa injini. Bodaboda nalo lilitokana na neno la Kiingereza la mpaka, wakati vijana wa Busia walipokuwa wakiwavusha abiria kwa baiskeli kati ya Kenya na Uganda katika miaka ya 1960.

Inadhihirika kwamba jina la chombo na jina la kazi yake ni ya wenyeji, ilhali majina ya fedha na dhamana yalikuja na mwenye duka. Mgawanyo huu wa maneno unaakisi mgawanyo wa uwezo uliokuwapo baina ya pande mbili za kaunta.

Kutoka baiskeli hadi pikipiki

Katika enzi ya ukoloni pikipiki ilikuwa chombo cha wachache: polisi, maafisa wa kilimo, wamishonari na walowezi. Zilizojulikana zaidi zilitoka Uingereza, kama vile BSA na Triumph. Umma ulitumia baiskeli, na aghalabu aliyeuza baiskeli ndiye aliyekuwa na vifaa na ujuzi wa kuhudumia pikipiki. Ndipo gereji ikawa chumba cha nyuma cha duka.

Ufundi huo ulirithishwa nyumbani. Katika Bonde la Ufa utamaduni wa gereji za kifamilia, hasa miongoni mwa Masingasinga, ulizaa hata mabingwa. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alishinda mashindano ya magari ya Safari mwaka 1965 akiwa na nduguye Jaswant, kisha akashinda tena mwaka 1974 na 1976. Ushindi huo ulikuwa wa magari, lakini unaonyesha jinsi undugu na ufundi vilivyokwenda sambamba.

Kuanzia miaka ya 1960 pikipiki za Kijapani za Honda, Yamaha na Suzuki zilianza kuzisukuma kando zile za Uingereza. Zilikuwa nyepesi, hazikuvuja mafuta ovyo, na ziliwaka upesi. Mwenye duka alipopata uwakala wa aina moja alipata pia wajibu: kuweka spea, kumfunza fundi, na kuitikia malalamiko ya mnunuzi.

Vumbi, mwinuko na ujuzi wa fundi

Wajibu huo ulikuwa mzito kwa sababu ya mahali penyewe. Inasemekana kwamba jina Nakuru lina asili ya Kimaasai na lina maana ya mahali pa vumbi. Vumbi hilo la volkano ni adui wa pikipiki. Huziba chujio la hewa, hupenya katika mnyororo uliopakwa mafuta, na kuyasaga meno ya magurudumu yanayoushika mnyororo huo. Mteja wa Bahati au Subukia hurudi dukani mara nyingi zaidi kutafuta chujio na mnyororo kuliko kutafuta pikipiki nyingine. Ndiyo maana rafu za spea ndizo uti wa mgongo wa duka: pikipiki huuzwa mara moja, spea huuzwa miaka nenda miaka rudi.

Aidha, kuna suala la mwinuko. Mji wa Nakuru uko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Molo iko juu zaidi ya mita 2,400, na Marigat iko takriban mita 1,000 tu. Kadiri mtu anavyopanda, ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi. Karabureta iliyorekebishwa kwa nchi ya chini huendelea kumimina petroli ileile katika hewa iliyopungua. Injini hutoa moshi mweusi, plagi hujaa masizi, na nguvu hupotea palepale zinapohitajika, yaani mlimani na magunia ya viazi yakiwa nyuma. Fundi anayeijua njia ya mteja humwekea kipande chenye tundu dogo zaidi la petroli. Elimu ya namna hiyo ilipita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana, na kutoka kwa mwana kwenda kwa mwanagenzi aliyeingia gerejini akiwa mfagiaji tu.

Uhuru na mabadiliko ya umiliki

Baada ya uhuru wa mwaka 1963, wakazi wenye asili ya Kihindi walipewa miaka miwili ya kuamua kuhusu uraia. Wengine waliuchukua, wengine wakasita. Mwaka 1967 Bunge lilipitisha sheria ya uhamiaji na sheria ya leseni za biashara, ambazo ziliwabana wasio raia kwa kuwawekea mipaka ya mahali na bidhaa. Uingereza nayo ilikaza mlango wake mwezi Machi 1968. Familia moja ingeweza kugawanyika mara tatu: kaka akiwa raia wa Kenya, baba akiwa na pasipoti ya Uingereza, na binamu akisubiri kibali. Kugawanyika kwa pasipoti kulikuwa pia kugawanyika kwa duka.

Wakati huohuo Shirika la Kitaifa la Biashara, lililoundwa mwaka 1965, lilipewa jukumu la kuwapitishia wafanyabiashara Waafrika bidhaa za jumla. Wafanyabiashara Waafrika walianza kuyashika maduka ya barabara kuu, na baadhi ya mafundi waliojifunza kazi nyuma ya kaunta wakajitokeza mbele yake. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwenye duka alibadilika, lakini muundo haukubadilika. Familia ya Kikuyu, ya Kikalenjin au ya Kigujarati ilifuata utaratibu uleule: baba kaunta, mwana gereji, binamu tawini Molo au Gilgil, na mama au binti kwenye hesabu. Kwamba ubao uliwataja "Wanawe" na kuwasahau mabinti waliotunza daftari ni dosari ya historia inayostahili kusahihishwa.

Mwaka wa majonzi na faida

Mwaka 2008 una nafasi ya pekee. Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 ziliua zaidi ya watu 1,000 nchini, na mwishoni mwa Januari 2008 Nakuru na Naivasha zilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumia zaidi. Maduka yalifungwa, na baadhi ya wateja waliokuwa katika daftari hawakurudi tena walikokuwa wakiishi. Hakuna stakabadhi inayoweza kukusanya deni la mtu aliyehamishwa kwake kwa nguvu.

Ilhali ni katika kipindi hichohicho, kati ya mwaka 2007 na 2008, ambapo serikali iliondoa Kodi ya Ongezeko la Thamani kwa pikipiki zenye injini ndogo, zisizofika sentimita za ujazo 250. Bei ilishuka. Pikipiki za Kichina na za Kihindi zilimiminika. Mwaka 2005 pikipiki zilizosajiliwa nchini hazikufika 4,000; mwaka 2011 zilipita 140,000. Vijana waliopoteza kazi, na wengine waliopoteza mashamba, walipata riziki katika bodaboda.

Inafaa kukumbukwa kwamba hata watengenezaji wa pikipiki hizo wana asili ya kifamilia. Jina TVS linatokana na T. V. Sundaram Iyengar, aliyeanza biashara yake Madurai mwaka 1911, na Boxer hutengenezwa na Bajaj, kampuni inayobeba jina la ukoo. Nchini Kenya, pikipiki za TVS zimekuwa zikiuzwa na Car & General, kampuni iliyoanza mwaka 1936 na ambayo hisa zake huuzwa katika Soko la Hisa la Nairobi. Duka la familia la mjini ndilo kiungo cha mwisho cha mnyororo huo mrefu.

Daftari jipya

Tishio la leo kwa duka hilo halitoki kwa mshindani wa jirani. Linatoka katika mkopo. Tangu M-Pesa ianzishwe mwaka 2007, imewezekana kulipa deni kidogo kidogo kila siku. Makampuni ya mikopo humnunulia kijana pikipiki, huzuia kitabu cha umiliki hadi alipe, na hufunga kifaa cha kuonyesha mahali ilipo. Kijana asiye na mdhamini hupata chombo, na hilo ni jema. Lakini jumla ya malipo huweza kuizidi sana bei ya taslimu, na akilazwa hospitalini mwezi mmodi tu, chombo huweza kuchukuliwa. Mwenye duka wa kale naye alidai, tena wakati mwingine kwa ukali. Tofauti ni kwamba alimfahamu mdaiwa, aliijua njia yake na msimu wake wa mavuno, na aliweza kungoja viazi vichimbwe.

Tishio la pili ni urithi. Duka lililosajiliwa kwa jina la biashara tu haliko mbali na mwenyewe kisheria. Afapo, akaunti za benki hungoja idhini ya mahakama chini ya Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, huku mawakala wakidai malipo na rafu zikikauka. Familia iliyounda kampuni mapema huepuka pigo hilo, kwa kuwa kampuni haifi na mwanzilishi wake.

Tishio la tatu ni pikipiki ya umeme. Haina plagi, karabureta wala chujio la kuzibwa na vumbi, na betri zake hubadilishwa katika vituo vya makampuni kama Spiro. Sehemu kubwa ya rafu za spea itakosa mnunuzi zikienea.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa duka la pikipiki la kifamilia lilizaliwa na vizuizi: vya ardhi, vya mikopo na vya uraia. Familia ilijaza pengo ambalo sheria ililichimba. Halikuwa duka la malaika, kwani lilikuwa na ubaguzi na ukali wake, lakini mzigo wa hasara uligawanywa kati ya muuzaji na mnunuzi. Leo mashine inapatikana kwa urahisi zaidi, na mzigo huo umeelekezwa kwa mwendeshaji peke yake. Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji mwaka 2021, ina vyama vya akiba vya wanabodaboda vinavyoweza kuurithi wajibu wa ukoo: kudhaminiana, kungojeana na kutunza hesabu kwa uwazi. Daftari limebadilika kutoka karatasi hadi simu. Kinachopaswa kulindwa ni ule utu wa kumjua mtu ambaye jina lake limeandikwa ndani yake.