Kwa nini ‘Paranormal Activity’ bado inatunyima usingizi?

Mlango unajisogeza wenyewe usiku, na wewe unavuta shuka. Mashabiki wa filamu za kutisha hii wanaijua.

Oren Peli aliirekodi nyumbani kwake San Diego, Marekani, kwa takriban dola 15,000. Ilipoingia kumbi nyingi za sinema mwaka 2009, ilivuna zaidi ya dola milioni 190 duniani.

Siri yake? Pepo mwenyewe humwoni. Kamera imetulia chumbani, wenye nyumba wamelala, na wewe unakodolea kila kona ukisubiri. Kilichobaki unajitisha mwenyewe.

Moyo unadunda, lakini unajua uko salama kwenye kochi. Utamu uko hapo.

Unataka kutengeneza ya kwako kwa simu? Usiwe na haraka ya kumwonyesha jini.