Wanandoa wa Machame na mapumziko mafupi katika mji uliochorwa kwanza

KWA familia nyingi za Machame, wilayani Hai, mume na mke kuishi mbalimbali si jambo geni. Mmoja hufanya kazi mjini, mwingine hubaki mlimani akitunza kihamba, migomba, kahawa na ng'ombe wa zizini, na wote wawili huhesabu siku hadi Desemba.

Tangu mwaka 2016, Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa vitendo, baadhi ya familia hizo zimelazimika kubadili njia ya kutafutana. Mtumishi aliyekuwa akisakwa Dar es Salaam sasa anapatikana Dodoma, katika mji ambao mwenzake pengine hajawahi kuuona.

Desemba yenyewe haitoshi. Mwenye likizo hupanda Machame na kukuta ubatizo, harusi, vikao vya ukoo na misiba iliyomsubiri. Mbuzi huchinjwa, wageni hujaa uani, na likizo huisha kabla mume na mke hawajapata jioni moja ya kuzungumza peke yao.

Ndiyo maana safari ya siku tatu au nne ya kumfuata mwenza Dodoma inastahili kutazamwa kama mapumziko kamili, badala ya ziara ya kupeleka ndizi na kurudi. Ili kuyafaidi, ni vema kwanza kuelewa ni mji wa aina gani.

Wazo la baada ya vita

Miji mingi ya Tanzania ilikua yenyewe, kando ya bandari, reli au soko. Dodoma nayo ilianza hivyo, kama kituo cha reli ya kati enzi za Wajerumani. Lakini Oktoba 1973 chama cha TANU kiliamua makao makuu ya nchi yahamie huko, na mwaka huo huo ikaundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, maarufu kama CDA.

Mwaka 1976 mpango kabambe wa mji, uliotayarishwa na wataalamu kutoka Canada, ulikamilika. Baadaye mbunifu wa Kimarekani, James Rossant, aliyewahi kushiriki kubuni mji mpya wa Reston katika jimbo la Virginia, alichora sura ya eneo la katikati.

Mawazo hayo yalikuwa na asili yake. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilipitisha sheria ya miji mipya ya mwaka 1946 ili kupunguza msongamano wa London. Stevenage ukawa wa kwanza, ukifuatiwa na mingine kama Harlow. Kila mtaa ulipangiwa shule na maduka yake, na katikati ya Stevenage watembea kwa miguu walitengewa eneo lisiloingia magari.

Dodoma ilikusudiwa kuchukua kanuni kama hizo na kuzivalisha sura ya Ujamaa: mitaa inayojitegemea, njia za miguu na mabasi badala ya magari binafsi, na mji usiotawaliwa na majengo ya kifahari.

Safari na siku za kukaa

Kutoka njia panda ya Machame, msafiri huelekea Arusha, kisha Makuyuni, Babati na Kondoa. Sehemu ya Babati hadi Dodoma, yenye urefu wa kilometa 251, ilizinduliwa kwa kiwango cha lami Aprili 2018. Kabla ya hapo wengi walizunguka kupitia Chalinze na Morogoro. Hata hivyo, safari bado humaliza sehemu kubwa ya mchana, hivyo ni busara kuondoka alfajiri.

Wenye usafiri wao wanaweza kupumzika Kolo, wilayani Kondoa, penye michoro ya kale ya miambani iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2006.

Mgeni kutoka Machame atashangazwa kwanza na ukavu. Dodoma hupata mvua ya takriban milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, na kwa miezi mingi hakuna tone. Hakuna mfongo unaopita nyuma ya nyumba. Badala yake kuna miamba, mibuyu na mashamba ya zabibu.

Katikati ya mji panatembeleka kwa miguu. Uwanja wa Nyerere, makanisa makuu na Msikiti wa Gaddafi viko katika eneo ambalo wawili wanaweza kulizunguka kwa asubuhi moja bila haraka. Jioni, Mlima Simba huonyesha mji mzima kwa wasioogopa kupanda mawe. Mji wa Serikali wa Mtumba uko nje, upande wa mashariki, nao unahitaji gari.

Jambo la kuzingatia ni ratiba ya Bunge. Wakati wa vikao, hasa vile vya bajeti vya Aprili hadi Juni, nyumba za wageni hujaa. Kuanzia Julai hali huwa tulivu na usiku huwa na baridi ya kupendeza.

Pale ramani ilipoishia

Wanandoa watakaotembea watagundua pia kwamba mpango haukutimia wote. Fedha zilikuwa chache na uhamisho ukachelewa kwa zaidi ya miaka 40, huku maeneo kama Chang'ombe yakijengwa nje ya utaratibu uliochorwa. CDA ilivunjwa Mei 2017 baada ya malalamiko ya muda mrefu ya ardhi, na hati zake za miaka 33 zikaagizwa kubadilishwa kuwa za miaka 99.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya watu 765,000 katika jiji hilo. Miongoni mwao wamo watumishi waliofika na sanduku moja, familia zao zikiwa kwingine.

Kwa wanandoa wa Machame, hapo ndipo penye uzito wa safari hii. Hati ya miaka 99 humshawishi mtu kujenga na kuhamishia watoto shule. Lakini kihamba hakihamishiki: kinapokosa mkono wa mwenyewe, migomba hudhoofika na mifongo huziba. Anayebaki mlimani analinda mali ya ukoo, na anayefanya kazi Dodoma analipa ada ya shule.

Uamuzi wa nani amfuate nani haupatikani kwa simu, wala katikati ya vikao vya Desemba. Siku tatu za kutembea pamoja zinaweza kuwapa nafasi ya kuuzungumza, kila mmoja akiwa ameyaona kwa macho mazingira ambayo mwenzake anaamka humo kila siku.