Damu Haitengenezwi Tumboni

Mjamzito akiambiwa kliniki kwamba damu yake ni 9, ilhali inatakiwa iwe 11 au zaidi, ushauri atakaoupata akirudi nyumbani karibu wote ni wa rangi: rozela, bitiruti, soda nyekundu. Atausikia Dar es Salaam, na atausikia Nanganga, pale barabara ya Masasi inapoachana na ile ya kwenda Ruangwa na Nachingwea. Kwa maoni yangu tunaanza na swali lisilo lake. Kabla ya kuuliza anywe nini, tuulize damu aliyokuwa nayo imekwenda wapi.

Damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uloto. Kwa mtu mzima ni hasa nyonga, uti wa mgongo, kidari na mbavu. Humo seli mama huzaa seli nyekundu za kubeba oksijeni, seli nyeupe za kupambana na vijidudu, na chembe sahani za kuzuia damu isiendelee kutoka mtu akijikata. Seli nyekundu peke yake huzalishwa kama milioni 2 kila sekunde, na amri hutoka kwenye figo: zikihisi oksijeni imepungua, hutoa homoni inayouchochea uloto. Kila seli nyekundu huishi siku 120 hivi, kisha bandama na ini huivunja na chuma chake hutumika upya. Mwili unaobana matumizi kiasi hicho hauishiwi damu bila sababu. Malaria, ambayo kusini tunaijua vizuri mno, hupasua seli zenye vimelea, huharibu hata zisizo navyo, na hudumaza uloto wenyewe. Minyoo ya safura, inayopenya kwenye nyayo za asiyevaa viatu, hujishika utumboni na kufyonza damu kila siku.

Nitaambiwa: mbona fulani alikunywa rozela na damu ikapanda? Sibishi kwamba ilipanda. Ila mara nyingi huyo huyo alikuwa anameza fefo za kliniki (vidonge vya chuma na asidi ya foliki), pengine na dawa ya malaria, na sifa yote ikaenda kwenye glasi. Rozela ina vitamini C, nayo husaidia chuma cha mboga kufyonzwa. Wekundu wake hauna kazi yoyote hapo. Kisamvu ni kijani na kina chuma. Bibo, ambalo tukishanyofoa korosho tunaliacha lioze chini ya mkorosho au tunaligeuza pombe, lina vitamini C kulishinda chungwa. Chai ya rangi juu ya mlo, kwa upande wake, huzuia chuma hicho hicho.

Basi kila aliyepungukiwa damu ameze fefo yaishe? Hapana. Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 kila mwaka wenye selimundu, ambao seli zao nyekundu hudumu siku 10 hadi 20 tu. Mtoto wa namna hiyo kwa kawaida hakupungukiwa chuma, na akiongezewa damu mara kwa mara chuma humzidi kikamdhuru ini na moyo. Yeye huandikiwa asidi ya foliki, na selimundu hujulikana kwa kupima damu. Kumtazama viganja vilivyopauka hakutoshi.