Mashine nazo huulizana "Nani?"

Usiku wa Goweko haufunguliwi mlango kwa hodi moja. Mgeni anaita, ndani wanauliza "Nani?", anajibu "Mimi", na komeo halisogei. "Mimi" ni jibu la kila mtu, la mwizi pia. Basi linafuata swali la pili: mimi nani, wa kwa nani, umetokea wapi saa hizi?

Babu yangu anaishi hapo, karibu na stesheni, mashariki mwa mji wa Tabora, kwenye reli ambayo Wajerumani waliifikisha Tabora mwaka 1912. Aliitumikia reli mpaka akastaafu. Likizo iliyopita, baada ya shikamoo na marahaba, aliniuliza: "Hivi mjukuu wangu, huko Dar es Salaam kazi yako hasa ni ipi?"

"Babu, nazifundisha mashine kuuliza 'Nani?'"

Hakucheka. Alitaka nieleze.

Taasisi kubwa, iwe benki, hospitali ya rufaa au mfuko wa pensheni, haiweki kumbukumbu zake kwenye kompyuta za mezani. Zinakaa katika makabati ya diski. Seva zinazozitumia ziko pembeni, na katikati kuna swichi, mashine bapa yenye safu za matundu ya nyaya za faiba. Babu aliielewa mara moja: ni stesheni yenye njia nyingi za kupishania treni. Kila kifaa kinachochomekwa pale hutaja jina lake, namba ya biti 64 kiliyopewa kiwandani. Kwa namba hizo mafundi hupanga seva ipi ione diski zipi.

Shida ni kwamba namba hiyo kifaa kinaitaja chenyewe. Mtu mwenye ujuzi anaweza kuifanya kadi ya seva yake itaje namba ya seva nyingine, na swichi ikampa diski zisizo zake. Ni ile "Mimi" ya mlangoni.

Dawa yake, kwenye swichi hizi za Faiba Chaneli, inaitwa DH-CHAP. Swichi humrushia mgeni namba mpya isiyotabirika. Mgeni huichanganya na neno la siri, huipitisha kwenye hesabu isiyoweza kurudishwa nyuma, kisha hutuma matokeo. Swichi nayo inapiga hesabu ileile. Majibu yakilingana, tundu linafunguliwa. Siri yenyewe haikupita kwenye waya hata mara moja, na aliyetega sikio amebaki na jibu la swali ambalo halitaulizwa tena. Mbinu hii ya swali na jibu iliandikwa kuwa kanuni ya intaneti mwaka 1996. Mtandao wa hifadhi, yaani huu wa swichi na makabati ya diski, uliiongezea hesabu ya Whitfield Diffie na Martin Hellman, iliyochapishwa mwaka 1976, ili hata anayenasa mazungumzo yote asiweze kwenda kuibahatisha siri kwa utulivu nyumbani kwake.

"Hiyo ni kazi ya stesheni," alisema babu. "Treni haiondoki mpaka wa mbele akubali." Nikamwambia kwamba stesheni masta wa India huthibitisha kauli zao za simu kwa namba za siri kutoka kwenye karatasi maalumu, ili sauti peke yake isitoshe. Alitikisa kichwa kwa kuridhika. Hata utani wetu una swali na jibu la namna hiyo: sisi Wanyamwezi tuna utani na Wazaramo tangu enzi za misafara ya kwenda pwani. Mtani hutupiwa neno, na namna anavyolirudisha huonyesha kama kweli ni wa huko.

Ugumu wa DH-CHAP uko kwenye kuipanga. Kila jozi ya mashine inahitaji siri mbili, kwa sababu mgeni naye humuuliza mwenyeji. Siri hizo lazima zitofautiane. Zikiwa sawa, mwizi atakurudishia swali lako mwenyewe, umjibie, kisha akupe jibu hilo kana kwamba ni lake. Swichi za Brocade hudai siri ya herufi 8 hadi 40. Mimi sikubali fupi. Mwanzoni ziweke swichi katika hali ya upole, yaani zijibu zikiulizwa bila kumfungia asiyeuliza. Ukali uje baada ya kila upande kupata siri zake.

Na hapa ndipo niliumia. Katika taasisi moja niliziandika siri mbili kinyume, yangu mahali pa mwenzangu. Hakuna taa iliyobadilika, maana vifaa huulizana pale kiungo kinapowaka upya, na chetu kilikuwa tayari kinawaka. Wiki kadhaa baadaye umeme ulikatika usiku. Uliporudi, swichi mbili zilizofanya kazi pamoja kwa miaka zilikataana, na asubuhi watu walipanga foleni mbele ya madirisha yasiyoweza kuwahudumia. Tangu siku hiyo, nikishapanga, nazima kiungo kimoja na kukiwasha nikiwa nimesimama palepale, njia ya pili ikibeba mzigo.

DH-CHAP haifichi data inayopita kwenye waya. Hiyo ni kazi nyingine. Wala haimzuii mfanyakazi mwenye ruhusa na nia mbaya. Lakini tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilipoanza kutumika, Mei 1, 2023, anayeshika taarifa za watu anawajibika kuzilinda, na sioni anavyozilinda iwapo kabati la diski linafunguka kwa kutajiwa jina tu.

Babu alinyamaza kidogo. "Na pensheni yangu imo humo?"

"Imo kwenye makabati ya namna hiyo, babu."

"Hizo siri anazishika nani?"

Nilimwambia: watu wawili, bahasha iliyofungwa, kasiki moja. Akauliza mara ya mwisho kubadilishwa ilikuwa lini. Sikuwa na tarehe ya kumpa. Jumatatu niliporudi kazini, niliomba dirisha la matengenezo la saa nne usiku.