Umetoa Mguu Kwa Mafuta Lakini Ndai Bado Inaresi? Cheki Hizi Vitu Kabla Fundi Akumalize

Uko Thika Road, umeovateki lori fiti, unatoa mguu kwa mafuta ukingoja ndai ipoe. Haipoi. Injini inazidi kulia ni kama kuna msee mwingine amekanyaga. Hapo kuna vitu mbili ziko hatarini: maisha yako, halafu ganji yako. Tuanze na ya kwanza.

IKIKUSHIKA UKIWA KWA BARABARA

Kanyaga breki kwa nguvu, mara moja, na usiachilie. Usifanye ile mambo ya kupampu. Breki za ndai zinasaidiwa na mvuto wa hewa unaotoka kwa injini, na injini ikiwa imefunguka mwisho, mvuto huo haurudi haraka. Ukipampu mara mbili tatu, pedo inakuwa ngumu ka mawe.

Ukiwa umeshikilia breki, weka gea kwa niutro. Ka ni manyuo, kanyaga klachi. Injini itapiga nduru, lakini iwache ilie. Afadhali ukelele kuliko ajali. Washa hazadi, toka kando ya barabara, simama kabisa, ndio uzime.

Usizime ndai ikiwa kwa mwendo ukazungusha ufunguo hadi mwisho, juu usukani unaweza kujifunga. Ka ndai yako ni ya kufinya kitufe, kukigusa tu mara moja ukiwa kwa mwendo kwa kawaida haitoshi. Unafinya na kushikilia sekunde kadhaa.

SIRI NI HII: HUKANYAGI MAFUTA

Sote tunasema "kanyaga mafuta", lakini kwa injini ya petroli hiyo pedo haifungulii mafuta. Inafungulia hewa. Kati ya filta ya hewa na injini kuna kifuniko cha duara, mafundi wanakiita throto. Ukikanyaga, kinafunguka. Kompyuta inapima hewa imeingia ngapi, halafu inaambia nozeli zinyunyize mafuta ya kutoshana na hiyo hewa. Ukitoa mguu, throto inafunga, hewa inapungua, injini inashuka.

Kwa hivyo injini ikiresi bila mguu, usiulize mafuta yanatoka wapi. Uliza hewa inapitia wapi. Majibu ni matatu tu: throto haijafunga, hewa inaingilia shimo la pembeni, ama kompyuta yenyewe imeipa ruhusa. Ukishika hiyo, hakuna fundi atakulisha jaba.

KWANZA, JUA NI RESI GANI

Si kila resi ni ugonjwa. Asubuhi injini ikiwa baridi, sindano ya RPM kusimama 1,200 hadi 1,500 ni kawaida. Ikishapata moto, ndai nyingi zinashuka hadi kati ya 650 na 850. Hiyo ndio mafundi wanaita sailensi. Ukiwasha AC, inapanda kidogo, hakuna noma. Na kwa manyuo kadhaa, ukibadilisha gea RPM inabaki juu sekunde moja hivi kabla ishuke. Kompyuta imepangwa hivyo kupunguza moshi mchafu.

Ugonjwa ni hizi: injini imepata moto lakini imekwama juu, tuseme 2,000; ndai inakuvuta mbele na hujakanyaga; ama RPM inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, ka msee amekimbia ngazi za ghorofa ya sita.

SASA CHEKI, KUANZIA YA BURE

1. Kapeti. Usicheke. Agosti 2009 huko California, Lexus ES 350 ilikataa kupunguza mwendo na watu wanne wakafa. Wachunguzi walipata kapeti ya modeli nyingine ilikuwa imenasa pedo. Toyota iliita mamilioni ya magari yarudi kurekebishwa, na mwaka wa 2014 ikakubali kulipa serikali ya Marekani dola bilioni 1.2 kwa kupotosha wateja kuhusu usalama wa magari hayo. Watafiti wa NASA walikuwa wamechunguza kompyuta za hizo gari, na ripoti ya 2011 ikasema hawakupata hitilafu ya umeme iliyoeleza zile resi kubwa. Sasa angalia yako: umeweka kapeti mpya juu ya ile ya zamani? Inateleza? Toa moja, funga ingine kwa ndoano zake.

2. Kebo na springi. Ka ndai yako ni ya zamani, tuseme Corolla ya miaka ya 90, pedo inavuta throto kwa kebo. Zima injini, fungua boneti, ambia beste akanyage pedo na aachilie. Throto inafaa kurudi "tap!" mara moja. Ikirudi polepole ama ikwame katikati, kebo imeanza kukatika ndani, imekauka, imefungwa tait sana, ama springi imechoka. Kebo iliyochanika hupakwi mafuta uendelee. Unabadilisha.

3. Throto chafu. Masizi yanajipanga kwa ukingo wa kile kifuniko hadi kinashindwa kufunga vizuri. Hii ni kawaida kwa ndai imepiga kilomita mingi, na kuosha si kazi kubwa. Lakini skiza hapa, juu hapa ndio wasee wengi wanachomeka. Ndai za Japani zinazoingia siku hizi hazina kebo. KEBS hairuhusu gari ya zaidi ya miaka 8 kuingia, kwa hivyo karibu zote ziko na throto ya umeme. Kompyuta ilikuwa imezoea ile throto chafu na ikajipanga nayo. Ukiiosha, hewa inapita mingi kuliko ilivyozoea, na sailensi inapanda. Fundi wa kubahatisha anakuambia throto imekufa, nunua ingine. Wapi! Mara nyingi inataka tu kufundishwa upya kwa mashine ya kusoma kompyuta, na Nissan zinajulikana sana kwa hii. Kutoa betri pia kunaweza kuleta mambo yale yale.

4. Hewa ya wizi. Paipu za mpira kwa injini zinakauka na kupasuka, ama gaskiti ya manifoldi inachoka. Hewa inaingilia hapo bila kupita throto. Dalili: unaskia "ssss", RPM inacheza, pedo ya breki imekuwa ngumu. Hiyo ya breki usiingoje hadi kesho. Kujua shimo liko wapi, nyunyiza maji kidogo ya sabuni kwa viungo vya paipu injini ikiwa inanguruma, mbali na nyaya na koili. Sauti ikibadilika, umepata mwizi. Usijaribu hiyo kitu na petroli, utachoma ndai. Paipu ya kupasuka ni kitu kidogo sana ukiilinganisha na kompyuta, na ndio maana wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

5. Sensa. Hii ndio ya mwisho, si ya kwanza. Sensa ya joto ikidanganya kwamba injini bado ni baridi, kompyuta inaendelea kuipa resi ya asubuhi hata ukiwa umetoka Nakuru. Sensa ya throto ikidanganya kwamba umekanyaga, ni vile vile. Cheki pia maji ya rejeta ka yamepungua, injini ikiwa imepoa. Halafu soma kodi kwa mashine: P0507 ni sailensi iko juu kuliko inavyotakiwa, P0171 ni hewa imezidi mafuta, P2111 ni throto imekwama ikiwa wazi. Kodi inakuonyesha mtaa, haikuonyeshi mlango. P0171, kwa mfano, inaweza kuwa tu ile paipu yako imepasuka.

WASEE WA NDUTHI

Washa, iwache kwa sailensi, halafu pinda usukani kushoto mwisho, kisha kulia mwisho. RPM ikipanda, kebo imepitishwa vibaya ama ni fupi, inajivuta yenyewe. Siku utakata kona, nduthi itakuongezea mwendo bila kukuuliza. Ka kebo iko sawa, cheki kishikio kinarudi chenyewe, na ule mpira kati ya kabureta na injini haujapasuka. Na ujue swichi nyekundu ya kuzima iko wapi bila kuangalia.

DISELI NI STORY INGINE

Diseli ya turbo ikianza kuresi yenyewe na moshi mzito, inaweza kuwa inakunywa oili yake. Hapo kuzima ufunguo hakusaidii. Ka ni manyuo, ukiwa umesimama weka gea ya juu kabisa, shikilia breki zote, achilia klachi ili injini ijizime. Ikikataa, toka na usimame mbali. Usiweke mkono kwa mdomo wa hewa.

UKIFIKA KWA FUNDI

Iwe ni Kirinyaga Road ama kwa base ya mtaa, usiseme tu "inaresi". Mwambie inaresi lini: ikiwa baridi ama moto, imekwama ama inapanda na kushuka, ilianza baada ya kuosha throto ama kutoa betri. Halafu muulize swali moja: "Hewa inapitia wapi?" Akikuonyesha kwa kidole, mwachie kazi. Akikimbilia kukuuzia kompyuta kabla afungue boneti, chukua funguo zako. Lakini ka throto inakwama, usiiendeshe hadi kwa fundi mwingine. Ivutwe.