Mrefu Si Lazima Awe Kipa: Stori ya Msee wa Kakuma na Vijana wa Bura

Saa kumi na moja jioni, jua la Bura likianza kupunguza hasira, ndio watoto hutokea kiwanjani. Kabla ya hapo usijaribu, utarudishwa home na kichwa. Kiwanja chenyewe ni mchanga mtupu, kona moja imeshikwa na mathenge, na kila baada ya siku chache lazima mpira mmoja ukufe juu ya hiyo miiba. Wiki jana nilikuwa nimekaa hapo kando nikiangalia, nikaona kitu ikanirudisha miaka kumi nyuma.

Kuna kijana wa majirani, ako na miaka 13. Amerefuka ghafla kama mahindi ya skimu maji yakifunguliwa. Kocha alipomcheki tu, hata jina hakuuliza. "Wewe mrefu, ingia goli." Kijana akaingia. Dakika arobaini nzima mpira ulimfikia mara mbili. Hizo zingine zote alikuwa anachora mchanga na kidole cha mguu.

Maze, iliniuma. Juu hiyo muvi nimeiigiza mimi mwenyewe. Nikiwa darasa la saba nilikuwa mrefu kushinda kila mtu, kwa hivyo nikapewa goli bila mjadala. Tatizo ni kwamba mwili wangu ulikuwa umeharakisha tu. Nilipofika form two nikasimama hapo hapo, wenzangu wakanipita kama mathree ya Garissa. Nikabaki kipa mfupi. Form three nikatolewa timu, na hakuna mtu aliwahi kuniuliza kama naweza kucheza mahali pengine. Kitu ya kuchekesha ni kwamba nilikuja kujua niko fiti nikicheza namba sita, lakini hiyo ilikuwa baada ya kuacha chuo, mechi ya kupoteza muda tu na mabeshte. Too late, buda.

Sasa usiku huo nikawa nacheki klipu kwenye simu, bando ya mwisho mwisho, nikaangukia jamaa anaitwa Aliir Aliir. Ndiyo, jina moja mara mbili. Anacheza futboli ya Australia, ile ya mpira wa umbo la yai. Na hapa ndio ilibidi nikae vizuri: huyu msee alizaliwa Kakuma. Kakuma yetu hii ya Turkana, kambi ya wakimbizi, mwaka wa 1994. Wazazi wake ni wa Sudan Kusini. Familia ikahamia Australia yeye akiwa bado mtoto wa shule ya msingi, na leo ni mmoja wa mabeki wa kuheshimika kwenye ligi yao kubwa, AFL.

Lakini hakuanza kama beki wa kuheshimika. Ngoja kwanza nikueleze huo mchezo, ndio uelewe kwa nini stori yake inahusu yule mtoto wa mchanga.

Chukua kiwanja cha mviringo, kikubwa kushinda cha soka, urefu unaweza kupita mita 150 kutoka goli hadi goli. Weka wachezaji 18 kila upande. Kila mwisho simamisha nguzo nne. Ukipiga mpira kwa mguu upite kati ya zile mbili za katikati, hiyo ni goli, pointi 6. Ukipita kando, kati ya nguzo ya katikati na ya nje, unapewa pointi 1 ya kufutwa machozi. Hakuna ofsaidi. Mpira unaweza kuushika, lakini huruhusiwi kuurusha kama wa basketi. Unaupiga teke, ama unaushika na mkono mmoja na kuugonga na ngumi ya mkono mwingine. Ukikimbia nao lazima uudundishe chini kila mita 15. Na ukidaka teke la mtu kabla mpira haujagusa chini, ikiwa umesafiri angalau mita 15, mchezo unasimama kwa ajili yako na unapiga bila kusumbuliwa. Hiyo ya kudaka ndio tamu yenyewe. Utaona jamaa anaruka, goti linakaa juu ya bega la mwenzake, na refa haoni shida.

Sasa kwenye watu 18, kazi ni nyingi. Kuna mafowadi wa kufunga, viungo wa kukimbia kilomita baada ya kilomita, mabeki, na jamaa mmoja mrefu anaitwa raki. Refa akianzisha mchezo, raki wa pande mbili wanaruka kugombania mpira hewani ili kuwagongea viungo wao. Kwa hivyo kijana mrefu mwenye kuruka akitokea mazoezini, kocha yeyote macho yanaangaza: raki huyo! Ama fowadi wa kudaka mipira ya juu mbele ya goli. Umeona? Ni ile ile "wewe mrefu, ingia goli", tofauti ni kwamba wao wanaisema kwa Kizungu.

Aliir ako juu ya mita 1.9 na anaruka kama swala. Mchezo wenyewe aliujua akiwa tineja kule Brisbane, wakati watoto wa Australia wenzake walikuwa wameushika tangu wakiwa watoto kabisa. Kila mwisho wa mwaka vilabu hukaa chini na kuchagua vijana kwa zamu, hiyo wanaiita drafti, na wengi huchukuliwa wakiwa na miaka 18. Aliir alichukuliwa na Sydney Swans mwaka wa 2013 akiwa na miaka 19, namba 44. Ukiwa namba 44 hakuna mtu anakupigia makofi sana.

Halafu, cheki hii: 2014 hakucheza hata mechi moja ya timu kubwa. 2015 hakuna. Miaka miwili yuko timu ya akiba, anafunzwa. Huku kwetu mchezaji akikaa benchi mechi tatu, mjomba wake anampigia kocha simu. Mechi yake ya kwanza ilikuja 2016, akiwa beki, na ile kazi yake ikaonekana mara moja. Mwaka huo Swans walifika fainali kuu na yeye akaikosa kwa sababu ya jeraha la goti.

Lakini sikiza, hata baada ya kuonyesha kwamba nyuma ndio nyumbani kwake, urefu ulimfuata. Mwaka wa 2020 Swans walikuwa na upungufu wa maraki, na kuna mechi walimtumia huko. Mwisho wa mwaka akahamia Port Adelaide. Hao wakamrudisha nyuma na kumwacha hapo. 2021, mwaka wa kwanza tu, akaingia kikosi cha nyota wa msimu mzima wa ligi, kile wanakiita All-Australian. Msee yule yule, mwili ule ule, mwaka mmoja tu katikati.

Ni nini ilibadilika? Mimi naona hivi. Fowadi wa mchezo ule lazima ajue njia za kukimbia, lini aanze, lini asimame, amdanganye beki, halafu bado apige goli kutoka pembeni huku watu elfu arobaini wanamzomea. Hizo ni vitu unajifunza miaka na miaka tangu utoto. Beki wa aina ya Aliir ana kazi nyingine. Mpira unakuja mbele ya macho yake. Anausoma ukiwa bado hewani, anajua utaanguka wapi, anaacha mtu wake kidogo, anaruka, anaudaka kabla haujafika. Shambulizi la wapinzani linakufa hapo na lake linaanza. Kipaji chake kilikuwa hicho cha kusoma mpira, na urefu ulikuwa unamsaidia tu. Makocha wengi wangeangalia urefu na kukosa hiyo nyingine.

Na hayuko peke yake. Majak Daw, aliyezaliwa Khartoum, alikuwa mzaliwa wa kwanza wa Sudan kucheza AFL, 2013, akiwa na North Melbourne. Teke lake la kwanza kwenye ligi lilikuwa goli. Mwaka huo huo akafunga magoli sita kwa mechi moja. Ungesema basi, fowadi amepatikana, funga faili. Lakini haikushika, miaka ikaenda akiingia na kutoka. 2018 wakamjaribu nyuma, na akacheza mpira wake bora kabisa. Mac Andrew naye, kijana wa familia ya Sudan Kusini aliyezaliwa Misri, alichaguliwa namba 5 na Gold Coast mwaka wa 2021. Watu walikuwa wanaongea juu ya raki. Leo ni beki.

Watatu warefu, wote waliwekwa mahali kimo kilisema, wote wakajipata nyuma. Ukiniuliza, hiyo si bahati.

Turudi Bura. Huku hakuna mtu atacheza huo mpira wa yai, hata wa duara unatushinda kuuweka bila pancha. Lakini swali ni moja. Na la kwanza ambalo makocha wetu wa vijiji wanafaa kujua ni mambo ya mwili. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa zaidi wakiwa na miaka 13 ama 14 hivi, lakini kuna wa kuanza 11 na kuna wa kungoja hadi 15, 16. Kwa hivyo kwenye timu ya under 14 unaweza kuwa na mwanaume na mtoto, na wote wamezaliwa mwaka mmoja. Yule mkubwa anashinda kila mpira kwa kifua, anaitwa nyota, na hafunzwi kitu. Yule mdogo anawekwa winga ama anatumwa kuchota mipira kwenye mathenge. Miaka mitatu baadaye wamelingana, na yule mdogo ndiye alijifunza akili ya mpira kwa sababu hakuwa na nguvu za kutegemea. Ama mbaya zaidi, aliacha zamani.

Kitu kingine, mtoto akiwa katikati ya kurefuka, miguu inakuwa kama ya kuazima. Anajikwaa, anapoteza shabaha, magoti yanauma. Kocha anasema "huyu ameisha". Hajaisha. Mpe miezi, na umpunguzie mbio kidogo.

Sasa ungefanya nini kama wewe ndio kocha na huna kitu isipokuwa firimbi na mpira mmoja? Kwanza acha mechi za 11 kila siku. Gawa watoto watano kwa watano, kiwanja kidogo, kila mtu atagusa mpira hadi achoke. Goli waingie kwa zamu, hata yule mfupi. Halafu kwa mwezi mmoja kila mtoto acheze sehemu tatu: nyuma, katikati, mbele. Kuwa na kadaftari, ile ya shilingi ishirini, andika. Na usiandike nani amefunga, hiyo kila mtu ameona. Andika nani alikuwa ameshafika mahali mpira ulikuja kuanguka. Andika mtoto anafanya nini akipoteza mpira: anashika kiuno ama anageuka? Nani anaongea na wenzake? Nani anaangalia nyuma ya bega kabla ya kupokea?

Hapa kwetu tuna vijana wameamka alfajiri na ng'ombe tangu wakiwa na miaka saba. Mtoto wa kuchunga anaangalia kundi zima, na anajua ndama yupi anataka kutoroka kabla ndama mwenyewe hajaamua. Hiyo ni akili ya beki, na sijawahi kuona kocha akiitafuta. Tunawaweka winga juu wana mbio.

Na wakati mwingine mahali sahihi ni mchezo mwingine kabisa. Omanyala alikuwa mchezaji wa raga kabla hajaingia riadha, halafu Septemba 2021 pale Kasarani akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Fikiria kama angebaki kule anangoja pasi ambayo haiji.

Najua watu watasema makocha wetu hawalipwi, wanafanya kwa mapenzi tu, wengine ni walimu wamechoka na makaratasi. Ni kweli, na sitaki kuwachoma. Wanataka kushinda mechi ya Jumamosi, na mtoto mrefu golini anakusaidia kushinda Jumamosi hii. Shida ni kwamba mtoto ana Jumamosi nyingi mbele yake, na timu ya under 14 haina haja na kombe kiasi hicho. Swans walingoja Aliir miaka miwili bila hata mechi moja, na hao ni watu wa kulipana pesa ndefu.

Kijana wa majirani alikuja kejani juzi kuniuliza kama bado nina glovu zangu za zamani. Ninazo, zimepasuka kidole kimoja. Nikamuuliza yeye anapenda kucheza wapi. Akaangalia chini kwanza, kama mtu ameulizwa swali la hesabu. Halafu akasema katikati, "pale naona wote."

Jana nimempitia kocha kwake, nikampata anakunywa chai ya jioni. Nimemwambia, "Mwalimu, naomba kitu kimoja tu, hiyo Jumamosi nusu ya kwanza mpange sita, glovu nitavaa mimi kama hakuna mwingine." Amecheka sana, akasema mimi nimekuwa mzee wa under 14. Lakini ametoa karatasi ya kikosi mfukoni, akafuta jina moja, akaliandika tena mahali pengine.