Gari la zamani na gesi ya AC: usianze na mtungi

AC ya gari la zamani, tuseme Mercedes W123 au Land Cruiser ya miaka ya 1980, ikianza kupuliza hewa ya moto, mwenyewe humwambia fundi neno moja tu: "Jaza gesi." Fundi naye huvuta mtungi alionao. Kompresa nyingi hufa hapo, na mara nyingi muuaji ni oili, wala si gesi.

Magari hayo yalitoka kiwandani na gesi ya R-12. Klorini iliyomo hutafuna tabaka la ozoni, ndiyo maana Itifaki ya Montreal ya 1987 ikaiondoa hatua kwa hatua. Nchi zinazoendelea zilitakiwa ziwe zimeachana nayo kufikia 2010. Ajabu ni kwamba klorini hiyo hiyo ilisaidia kulinda vyuma vya kompresa visilike. R-134a, iliyoshika nafasi yake kwenye magari tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, haina klorini, tena haichanganyiki na oili ya madini iliyokuwa ikitumika na R-12. Ukiijaza bila kubadilisha oili, oili hulala kwenye kondensa na mabomba, gesi huzunguka peke yake, na kompresa husaga kavu mpaka ikwame.

Hata hivyo, R-134a ndiyo ninayoipendekeza, ila kazi yake si ya nusu saa. Oili ya zamani imwagwe na mfumo usafishwe kwa ndani. Kisha itiwe oili ya esta, inayovumilia mabaki ya klorini kuliko ile ya PAG iliyozoeleka kwenye magari mapya. Draya, lile kopo linalonyonya unyevu, ibadilishwe pamoja na oringi zote. Mipira ya kale nayo ikaguliwe, maana chembe za R-134a ni ndogo na hupenya pale R-12 isipopenya. Baada ya hapo hewa ivutwe kwa pampu, ndipo gesi ijazwe kwa mizani: kama kibandiko chini ya boneti kinasema gramu 1,000 za R-12, anza na 800 hivi, usizidi 900. Ikizidi, presha hupanda na ubaridi hupungua. Kwa joto la Dar es Salaam mwezi Februari, kwenye foleni, kondensa ya zamani itaelemewa kidogo. Feni yenye nguvu husaidia.

Vipi kuhusu gesi nyingine? R-22 ya viyoyozi vya majumbani huchemka kwenye nyuzi -41, R-12 kwenye -30. Kwa hiyo presha ya R-22 ni kubwa mno kwa mipira ya AC ya gari. Gesi ya kupikia inapoza vizuri, siwezi kukataa. Lakini sehemu inayopoza hewa imekaa nyuma ya dashibodi, na ikivuja, inavujia walipokaa watoto wako. Sitaitia. R-1234yf ni ya magari mapya, na bei yake haina maana kwa gari la umri huo.

Jambo la mwisho ni R-12 iliyobaki ndani. Fundi asiifungulie hewani, kwani kilo moja hupasha dunia joto kuliko tani kumi za hewa ya ukaa. Mpelekee gari mwenye mashine ya kuivuta.